Shangazi Ruta na Kitufe Kooni

Ifikapo Juni 30, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia mitambo ya hospitali yetu, Shangazi Ruta anastaafu. Nyaya zimeombwa zisilie.

Alianza kama mpokea simu, enzi ambazo simu ilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Zilipoletwa ruta mbili, visanduku vya mtandao vya kutuunganisha na zahanati yetu ya ng'ambo ya mji, wengine walizikwepa kama sindano. Yeye akazipa majina: ya hapa hospitali kuu Shemeji, ya zahanati Mkwe. Kila mmoja humtambua mwenzake kwa jina, kisha humtaka athibitishe neno la siri. Asipolijua, hapiti. "Ukwe una heshima zake," husema, akicheka kwa sauti ya kuamsha wodi.

Sasa uhondo. Mwaka jana radi ilimuunguza Mkwe. Shangazi akaenda zahanati kufunga ruta mpya. Huku kwa Shemeji nikabaki mimi, fundi hodari kuliko wote wa rika langu (msibishe). Kule kulikuwa na mtoto aliyemeza kitu, na picha yake ya eksirei ilitakiwa imfikie daktari huku. Taa za laini zinawaka, Shemeji anakataa katakata kuipokea ruta mpya. Mama wa mtoto anampumulia Shangazi kisogoni.

Akanipigia simu: "We mtundu, umeandika madudu gani huko?" Nikamjibu nimeandika sawasawa! Akalaumu waya. Akamlaumu fundi umeme, ambaye alikuwa likizo. Mara kicheko cha kutoboa sikio. Ruta mpya hakuipa jina! Neno la siri inalo, lakini inabisha hodi kwa jina la dukani, Shemeji ataijuaje? Akaiita Mkwe, picha ikapita, daktari akaona kitufe kooni. Mtoto akaletwa mbio, kikatolewa, na jioni alikuwa anafukuzana na wauguzi koridoni. Tangu siku hiyo, kila mwanagenzi husimuliwa kisa hiki na Shangazi mwenyewe, tena bila kujionea haya: "Jina kwanza, siri baadaye!"

Shangazi, asante sana. Tunakuombea afya, usingizi usiokatwa na simu za zahanati, na wajukuu wasiochokonoa swichi. Jana tulibadilisha neno la siri nawe ukageukia ukutani usilione, tukajifanya hatuoni unapangusa macho. Laini tutailinda. Nawe ukitukumbuka, pita tu mlangoni. Wewe huulizwi neno.