Mama wa Ubatizo
Katika basi la Whitby, Uingereza, mama mmoja alimnong'oneza abiria wa pembeni, asiyemjua, kwamba Tamsin ameharibikiwa na mimba. "Isifike mbali, mwenzangu. Kaniambia mimi tu."

Mnong'ono ule ulifika viti vinne nyuma.

"Wewe ni nani wake?" abiria yule wa pembeni akauliza.

"Mama yake wa ubatizo."

"Basi 'gossip', neno letu la Kiingereza la umbea, zamani lilikuwa jina lako: ndugu katika Mungu. Likahamia kwa wanawake waliokaa na mzazi akijifungua, kisha kwa maneno yao."

"Mimi si mmbea. Nilimbeba mwenyewe kanisani."

"Na mimi Tamsin sikumjua mpaka leo."

Mama akaiva uso mpaka shingoni. Basi likasimama. Kituoni msichana alimpungia mkono kwa furaha, akimwita mama wa ubatizo, nasi abiria tukainamisha macho.