Mama Vigingi na Barabara ya Miji Miwili

Ndugu, jamaa na majirani, mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi viatu. Walizaliwa wawili tu. Mkubwa ni kaka yake, ambaye ndiye aliyembeba mgongoni na kumpigania kila alipochokozwa.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1968. Njiani alihesabu hatua zake kimoyomoyo, na mtu akimsemesha ilimlazimu arudi nyumbani aanze upya. Kaka alimsubiri bila kununa, na mara nyingi wote wawili waliadhibiwa kwa kuchelewa. Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu upimaji wa ardhi mwaka 1983, msichana peke yake darasani.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na baraza la mji wa bondeni, idara ya barabara. Hakuonekana bila mfuko wa vigingi begani, ndiyo maana jina la Mama Vigingi lilimganda hata kabla hajawa mama wa mtu. Kigingi kimoja alikipigilia mbele ya karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi akaking'oa, akakifanya kabari ya mlango. Akapigilia cha pili, kikang'oka vilevile. Cha tatu alikilinda mwenyewe kutwa nzima juani, mpaka fundi akamletea kiti. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1988, wakajaliwa mabinti wawili.

Wenye umri wanakumbuka enzi zile. Mji wa bondeni na mji wa mlimani ilitazamana kama wake wenza, na kati yao palikuwa na kilomita tatu za tope. Mvua ikinyesha, mgonjwa alivushwa kwa machela. Mwaka 2011 ilipokuja mipango ya kiwanda cha nguo na mtaa mpya wa nyumba hapo katikati, kila baraza lilichora barabara yake bila kumuuliza mwenziwe. Marehemu aliziomba ramani zote mbili, akazitandika kwenye meza moja mbele ya wakubwa wa pande zote. Barabara zilipishana kwa mita arobaini.

"Waheshimiwa," alisema, "tukiendelea hivi, gari likifika mpakani itabidi liote mabawa."

Walicheka, kisha wakaziinamia ramani. Mwezi uleule iliundwa kamati ya pamoja, naye akakabidhiwa upimaji wote.

Hapo ndipo msiba wake ulipoanzia. Upande mmoja palikuwa na mwamba, upande wa pili chemchemi. Mstari ulikuwa na njia moja tu ya kupita, nao uliangukia nyumba kumi na mbili. Ya saba ilikuwa ya kaka yake. Kaka alikwenda ofisini kwake, akakaa kwenye benchi la wageni, akamwomba asogeze mita sita tu. Marehemu alimjibu kwamba mita sita zingeivunja nyumba ya mjane wa jirani, ambayo ilikuwa imenusurika.

"Nitamwambia nini yule mama, kaka? Kwamba yeye hana dada ofisini?"

Kaka alisimama. "Damu ni nzito kuliko maji," alisema. "Kwako wewe, lami ni nzito kuliko damu."

Alihamia kiwanja alichopewa mbali, na kwa miaka kumi na miwili hawakusemezana. Barabara ilifunguliwa tarehe 20 Juni 2015. Wakubwa walihutubia; marehemu hakutajwa, wala hakulalamika. Alikuwa akitazama watu mmoja mmoja, akimtafuta mtu ambaye hakuja.

Mwaka 2021 figo zake zilifeli. Mara tatu kwa wiki binti yake mkubwa alimpeleka kusafishwa damu katika hospitali ya mji wa mlimani, mwendo wa dakika kumi kwa barabara hiyohiyo. Palipokuwa na nyumba ya kaka, alifumba macho kila walipopita.

Alhamisi ya tarehe 9 Mei 2024 kaka alifika wodini. Hawakuombana radhi. Mgonjwa akauliza, "Nyumba ya huko haivuji?"

"Haivuji," kaka alijibu. Akamshika mkono mpaka alipopitiwa na usingizi.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi. Kaka ameomba iandikwe hapa kwamba ilikuwa inavuja, na kwamba hakuona sababu ya kumwambia.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na kaka yake wa pekee. Mola ampokee, na huko aliko apate amani aliyoikosa kwa miaka hiyo yote.