Mama Émilienne Kanyere na Ukurasa wa Nne

Wazee wetu, wandugu, wafanyakazi wa chuo na wanafunzi, asanteni kwa kuja kutusaidia kumsindikiza. Mama Émilienne Kanyere, tunayemzika leo, alituachia agizo kuhusu maneno haya. Alitaka kila tarehe itazamwe kwenye karatasi kabla ya kusomwa, na kosa lake moja, ambalo wengi wenu munalijua, lisifichwe. Tumejaribu kumtii.

Kadi yake ya uchaguzi inaonyesha kwamba alizaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza 1961, kwa sababu mwandishi wa siku ile alikuwa na haraka. Kitabu cha ubatizo kinasema tarehe 9 mwezi wa nane 1961, huko Musienene, karibu na Butembo. Mama alifuata kitabu cha ubatizo, nasi tunakifuata. Mwaka 1970 baba yake aliileta familia Bunia kuuza maharagi na vitunguu sokoni, na hapa ndipo alipokulia.

Masomo ya msingi na ya sekondari aliyafanya hapa mjini, akapata diploma ya Serikali mwaka 1981. Lakini kusoma kwenyewe alikuanza mapema zaidi, kwenye karatasi za kufungia mandazi. Kaka yake mkubwa, Baba Ambroise, anakumbuka vizuri. Kanyere alikuwa akila mandazi haraka ili afungue karatasi na kusoma kilichoandikwa. Siku moja habari ilikatika katikati, mahali ambapo mtu mmoja alikuwa anataka kuvuka mto uliojaa. Mtoto alirudi sokoni, akamuuliza mama muuzaji nani alinunua baada yake, akaenda kugonga mlango kwa watu asiowajua.

“Munisamehe,” aliwaambia, “mandazi ni yenu. Miye ninaomba karatasi tu.”

Walimpa karatasi, na andazi moja juu yake. Yule mtu alivuka mto salama.

Mwaka 1982 alianza kufundisha shule ya msingi, na mwaka 1997 akaajiriwa katika maktaba ya chuo kikuu hapa mjini. Vita vilipofika Bunia mwaka 2003, familia ilikimbia kwa miguu kuelekea Beni. Njiani mume wake aligundua kwamba ndani ya kapu, chini ya nguo za watoto, kulikuwa na droo nzima ya kadi za katalogi.

“Émilienne! Wenzako wanabeba sufuria, weye unabeba karatasi?”

“Sufuria tutanunua ingine. Nani atatuuzia liste ya vitabu vyetu?”

Kadi zile zilirudi Bunia mwaka uliofuata, na ndizo zilizosaidia kujua ni vitabu gani vilikuwa vimepotea.

Mume huyo ni Baba Liévin Paluku, fundi wa kushona, ambaye alifunga naye ndoa takatifu tarehe 18 mwezi wa nane 1984. Mungu aliwapa watoto wanne. Baba Liévin husema kwamba yeye alioa maktaba, Émilienne akaja kama nyongeza. Ni yeye aliyemshonea mifuko midogo ya kitambaa, yenye namba, ambamo alitunza funguo za USB, yaani flashi, za maktaba. Kila mfuko uliazimwa kwa sahihi, kama kitabu.

Funguo hizo zilianza mwaka 2013, chuo kilipopata kompyuta sita, na ruhusa ya kusoma majarida ya kisayansi ya nchi nyingi kwa njia ya mtandao. Mama alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alijifunza polepole, akiandika kila hatua katika daftari, kisha akawa mkali kuliko vijana. Mtandao ulipokuwepo alikusanya makala, akaziweka kwenye funguo, ili mwanafunzi azisome hata siku ambazo mtandao umelala. Aliwafundisha wanafunzi wasichukue jibu la kwanza linalotokea, bali waulize: nani aliandika, lini, na alijuaje? Jina lake lilianza kutajwa kwa heshima. Mtu akishukiwa kwamba ameiba maandishi ya mwingine, maprofesa walisema, “Muulizeni Mama Émilienne.”

Ndivyo tunavyofikia tarehe 22 mwezi wa saba 2016.

Siku ile kijana Delphin Ukumu, aliyetoka upande wa Mahagi, alikuwa anatetea kazi yake ya mwisho wa masomo. Ilihusu wamama wa pwani ya ziwa na namna wanavyokausha samaki kwa moshi. Siku mbili kabla, Mama alikuwa ametafuta sentensi zake kwenye mtandao. Maktabani hapakuwa na mtandao wiki ile, basi alienda kwenye siberi ya mjini, duka la mtandao, ambako walilipisha kila karatasi iliyochapishwa. Alipata andiko la chama kimoja cha wamama wa ziwani, lililotoka mwaka mmoja kabla ya kazi ya Delphin. Maneno yalikuwa yale yale, neno kwa neno. Andiko lilikuwa na kurasa nne. Mama alichapisha ukurasa wa kwanza tu, kwa sababu ulionekana kutosha, akaupeleka mbele ya maprofesa.

Profesa mmoja aliuinua ukurasa watu wote wauone. “Delphin, maneno haya uliyatoa wapi?”

“Profesa, ni miye niliandika ile.”

“Internet ni weye sasa?” mtu alisema kwa nyuma, na chumba kizima kikacheka.

Mama naye alicheka. Alituambia jambo hilo mara nyingi: kosa la karatasi lingeweza kumpata mtu yeyote, lakini kile kicheko kilikuwa chake mwenyewe. Delphin alimtazama yeye, si profesa. “Mama, soma yote,” alimwambia. Kazi yake ilikataliwa, akapoteza mwaka, na hakurudi tena chuoni. Watu walisema alienda Iga Barrière kutengeneza simu.

Miaka mitatu ilipita. Mwezi wa kumi 2019 Mama alikuwa anatayarisha somo kwa wanafunzi wapya, akataka kuwaonyesha mfano wa wizi wa maandishi. Alifungua andiko lile lile, safari hii maktabani, bila kulipia karatasi, akateremka mpaka mwisho. Chini ya ukurasa wa nne palikuwa pameandikwa: “Tunamshukuru mwanafunzi Delphin Ukumu wa Bunia, aliyetupatia maandishi yake hata kabla hajayamaliza.”

Alifunga maktaba saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Nyumbani, mtaani Bankoko, alikaa karibu na cherehani bila kuvua viatu.

“Nani amekufa?” Baba Liévin aliuliza.

“Hakuna. Kijana alisema kweli, na mimi nilimucheka.”

Tangu siku ile alikuwa na kazi moja juu ya kazi zake zote: kumrudishia Delphin jina lake. Aliandikia wakubwa wa chuo mwaka ule, na kila mwaka uliofuata. Alipanda pikipiki hadi Iga Barrière, akaambiwa kijana amehamia Niania. Alituma barua Niania, nayo ikarudi miezi miwili baadaye imelowa, haijafunguliwa. Njia zilikuwa mbaya, na usalama ulikuwa haba. Basi akafanya alichoweza. Kila mwaka, katika somo la kwanza, aliwasimulia wanafunzi wapya kosa lake bila kupunguza kitu, akataja jina la Delphin, kisha akawaambia, “Teremusha. Teremusha mpaka chini.” Ndiyo sababu wengi wenu mulimwita Mama Teremusha. Alijua munamwita hivyo, na hakuchukia.

Mwezi wa tano 2024 alianza kuvimba miguu, na waganga wakaona kwamba figo zake zimechoka. Alilazwa hospitalini hapa Bunia mara tatu. Waganga walipomletea karatasi za vipimo, aliuliza nani alipima na siku gani. Mwezi wa kumi na moja chuo kilijibu hatimaye: kazi ya Delphin inaweza kuhifadhiwa maktabani kwa jina lake, na alama ya wizi ifutwe. Mwaka aliopoteza hakuna aliyeweza kuurudisha.

Tarehe 11 mwezi wa kwanza 2025 mwanaume mmoja mwenye koti la mvua aliingia chumbani mwake.

“Mama, nilisikia unanitaja kila mwaka.”

Mama alimtazama sana. “Weye ulisikia wapi?”

“Vicky, mutoto wa shangazi yangu, alikuwa mu darasa yako.”

“Vicky wa Mahagi? Anakaaka mbele?”

“Ndiye.”

“Basi ni kweli. Kaa, Delphin.” Akakusanya pumzi. “Ulisema kweli siku ile. Miye sikusoma yote. Tena nilikucheka.”

Delphin alikaa karibu na kitanda. “Mama, walicheka mpaka hata miye nikaanza kujiuliza labda niliiba.”

Mama alimwomba msamaha. Delphin alisema atafikiri, na Mama akamwambia hiyo ni haki yake. Lakini kabla ya kuondoka alitoa kazi yake ndani ya koti, imefungwa katika mfuko wa plastiki. Mama alimwomba binti yake Patience kalamu, akaiandikia namba ya rafu kwa mkono wake, pale kitandani.

Jioni ile Mama alisema kosa lake lisomwe kwenye maziko yake. Baba Ambroise, ambaye Mama alimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, alikataa.

“Kaburini tunasifu mutu, dada. Hatuungami.”

“Yaya, nilimuharibia jina mbele ya watu. Ninamurudishia mbele ya watu. Na kwa maziko yangu mutakuwa wengi kuliko siku ile.”

“Unajisifu hata ukiwa mugonjwa!”

Walicheka wote wawili, na Yaya akakubali.

Mama Émilienne aliaga dunia Jumanne tarehe 18 mwezi wa pili 2025, saa kumi na moja asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu na miezi sita. Baba Liévin alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake, Baba Liévin, watoto wake David, Fanny, Bruce na Patience, wajukuu saba, kaka yake Ambroise na dada yake Hortense, na wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu, basi hatutaji namba. Delphin Ukumu alipelekewa habari. Kiti chake kimewekwa karibu na cha Baba Liévin, kama Mama alivyotaka, na akichelewa kisikaliwe na mtu mwingine.

Na haya ndiyo maneno aliyoagiza yasomwe kwa sauti: “Kazi juu ya samaki wa ziwani iliandikwa na Delphin Ukumu. Ni yake yote, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Iko maktabani, rafu ya tatu. Mimi, Émilienne Kanyere, nilikosea.”

Tumesoma yote, Mama. Sasa pumzika kwa amani.