Miaka Ishirini na Sita Akitafuta Tundu la Dari

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, Bwana Shalikram Bapurao Meshram, fundi seremala wa Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Sonwadi, anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na saba na miezi kumi. Amehudumia Wakuu wa Wilaya ishirini na wawili na kukwamua milango isiyohesabika. Kazi iliyomshinda ni moja tu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike mazuri yake, nami nitaandika hasa hiyo iliyomshinda, maana ndiyo nzuri kuliko zote.

Kaka Shalik, kama tunavyomwita sote, hata waliomzidi umri, aliajiriwa Agosti mosi 1986 akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Jengo letu alilikuta na miaka tisini na saba. Mnalijua wenyewe. Mwingereza aliyelichora alitaka mtu akiliona tu asahau alichokuja kudai. Akaweka ngazi kumi na moja za mawe, nguzo ambazo watu watatu wakishikana mikono hawazizunguki, na milango mirefu ya kupitisha tembo, ingawa masijala yetu haina rekodi ya tembo yeyote aliyefuatilia hati ya shamba. Waingereza wakaondoka, picha ya mfalme ikashushwa, na nyingine ikatundikwa kwenye msumari uleule.

Milango hiyo ndiyo iliyompa Kaka Shalik sifa. Mvua zikianza, mbao huvimba. Mwaka 1993 Mkuu wa Wilaya wa wakati huo alikwama ofisini kwake saa mbili nzima, tarishi akihangaika nje. Kaka Shalik akapiga magoti penye tundu la ufunguo, akasema kwa heshima zote, "Bwana mkubwa, inua kitasa kidogo, halafu vuta." Sauti ikauliza kutoka ndani, "Kitasa kiko upande gani?" Maskini, mwaka mzima alikuwa akifunguliwa mlango ule na tarishi, hajawahi kuugusa kwa mkono wake.

Sasa nije kwenye baraza ya magharibi. Hiyo ndiyo baraza ya wananchi, na inapigwa na jua kuanzia saa saba mchana mpaka linapozama. Si bahati mbaya. Kanuni ya 14 ya jengo hili, iliyoandikwa na haohao waliolijenga, inakataza kuweka kiti au benchi pale, ili wenye shida wapunguzwe na uchovu wao wenyewe. Baada ya uhuru, kitabu cha kanuni kilibadilishwa jalada. Miaka ya tisini jengo likatangazwa kuwa la urithi, na watu wa urithi wakaagiza baraza ibaki vilevile ilivyokuwa. Kwa hiyo uchovu nao ukawa urithi.

Juni 1998 Kaka Shalik alikuwa akirekebisha dirisha hapo, akageuka, akakuta mama mmoja mjane, Anusuya Bhoyar, amekalia sanduku lake la zana. Alikuwa anafuatilia hati ya shamba la marehemu mumewe. Mlinzi alishafika kumwinua.

"Mwache," Kaka Shalik akasema. "Ananishikia misumari isipeperuke." Kisha akamuuliza mama, "Umesimama hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu Jumanne," akajibu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kaka Shalik hakulala vizuri kwa jibu lile; ameniambia mwenyewe. Mwaka huohuo aliomba mabenchi kwa barua mara saba, na mara saba akajibiwa Kanuni ya 14. Ya nane hakuomba benchi. Aliandika kwamba dari ya baraza ya magharibi inavuja, na kwamba chini yake inahitajika jukwaa la muda la mafundi. Kwa kuwa nyuma ya ukuta wa baraza hiyo kuna chumba cha majalada, kibali kilitoka siku ya pili. Ofisi hii inajali makaratasi yasilowe.

Jukwaa likajengwa. Dari iko juu futi kumi na nane. Jukwaa likafika magotini. Mhandisi alipokuja kukagua, alilitazama, akatazama juu, akauliza, "Sasa darini utafikaje?"

"Tunaanza chini, bwana mkubwa," akajibu Kaka Shalik.

Baadaye akazipiga randa zile mbao, akazilainisha kona, akaongeza vizuizi vya usalama ambavyo kwa namna ya ajabu vilikuwa na mwinamo wa kuegemea mgongo. Na kila miezi mitatu faili lilipokea ripoti ya mstari mmoja: "Chanzo cha uvujaji bado hakijapatikana."

Mimi nilihamishiwa masijala mwaka 2009, na ripoti hiyo ikawa yangu kuichapa. Nilikataa. Wanaonijua wanajua siandiki nisichokiona. Kaka Shalik hakubishana nami, alisema tu, "Sawa, Dada Pramila. Njoo saa nane mchana ujionee." Nikaenda. Yeye akachelewa makusudi. Saa nane na nusu nilikuwa nimesimama kwa ukaidi. Saa tisa nilikuwa nimekaa kwenye jukwaa katikati ya mzee mwenye kapu la vitunguu na binti mwenye mtoto mgonjwa, namshukuru Mungu. Saa kumi nilirudi ofisini nikachapa. Nimeichapa mara hamsini na tisa.

Mwaka 2015 kamati ya urithi ilikuja kutoka makao makuu, mwezi wa Mei, joto la nyuzi arobaini na nne, mbingu haijaona wingu tangu Oktoba. Mwenyekiti akauliza, panavuja wapi? Kabla Kaka Shalik hajafungua mdomo, mzee mmoja akavua kilemba chake, kinachuruzika maji, akasema, "Hapa, bwana mkubwa. Sasa hivi tu pamenimwagia." Mama aliyekaa karibu naye akaguna, "Afadhali wewe, mimi pamenilowesha mpaka chakula." Mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa nyuma yao, mtupu. Kamati ikaandika kwamba uvujaji huo si wa kawaida, ikaagiza turubai. Ndivyo baraza ya magharibi ilivyopata kivuli.

Mwezi huu mambo yakageuka. Nafasi ya seremala inafutwa, na utaratibu unasema ukarabati usio na msimamizi hufungwa, jukwaa likavunjwa ndani ya siku saba. Kaka Shalik hakuuliza habari ya shali wala nazi, zawadi anazopewa kila mstaafu akiagwa. Alikuja masijala, akasimama mlangoni, akasema, "Dada, watakaa wapi?"

Jumatatu wiki iliyopita Mkuu wetu wa sasa, Bwana Nikhilesh Thorat, alikuja mwenyewe barazani na faili mkononi. Watu wote wakasimama. Akaitazama dari, kavu kabisa. Akamuuliza Kaka Shalik mbele yetu, "Niambie ukweli. Hapa panavuja?"

Zilibaki siku kumi na moja astaafu. Uongo wa miaka ishirini na sita kwenye faili la serikali unatosha kumnyima mtu kiinua mgongo chake. Alisema, "Hapana, bwana mkubwa. Hapajawahi kuvuja hata tone."

Sijui nilipata wapi sauti. "Bwana mkubwa," nikasema, "huyu ni fundi wa mbao. Mambo ya maji hayajui. Niulize mimi mwenye faili. Panavuja sana, na msimamizi mpya ni mimi, Pramila Wankhede. Nitatia sahihi sasa hivi."

Bwana Thorat akawatazama watu, wapatao thelathini, wamesimama juani nje ya turubai kwa ajili yake. Akawaambia wakae. Kisha akatafuta pa kuwekea faili aandike, hakupaona, akakaa nao jukwaani, akaliweka faili gotini, akaandika: "Ukarabati uendelee." Wakuu ishirini na mmoja kabla yake hawakuwahi kukaa pale.

Kaka Shalik, wafanyakazi wote wa ofisi hii tunakushukuru, na mama Anusuya amemtuma mwanawe aseme ahsante, maana hati aliipata. Nenda ukapumzike na shemeji yetu Kusum, mle machungwa ya shamba lenu kwa raha. Ila usitusahau: sasa wewe ni mwananchi. Kila Novemba utatakiwa uje mwenyewe uthibitishe kuwa uko hai ndipo pensheni iendelee, na foleni yake, kama ujuavyo, iko baraza ya magharibi. Tunakuombea Novemba nyingi. Uje asubuhi, usiwe na haraka, kaa.