Usingizi Aliowatafutia Walioungua

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Niyomugabo, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii ambayo sikuitaka.

Dada yetu Védastine Mukakalisa, ambaye wengi mlimwita Maman Dative, alizaliwa tarehe 9 Mei 1961 huko Uvira, Kongo, ambako wazazi wetu walikimbilia kutoka Rwanda, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha Bukavu, ambako mwaka 1983 alipata diploma ya muuguzi wa usingizi, na tarehe 4 Agosti 1984 akaolewa na Papa Vénuste Bizimana, seremala, wakajaliwa watoto wawili, Dative na Jean-Paul.

Januari 1995 walirudi Rwanda, wakakaa Kamembe, naye akaajiriwa hospitalini, akakuta watu waliochomewa ndani ya nyumba zao katika mauaji ya mwaka uliotangulia, nyama zimeshikana, kidevu kimenasa kifuani, mkono umeganda ubavuni, na kabla daktari hajazitenganisha yeye ndiye aliyewalaza kwa ketamini, dawa inayomwacha mgonjwa apumue mwenyewe lakini humletea ndoto, hivyo wakati wa kuamka waliiona tena siku ile ya moto, wakapiga kelele hadi mishono ikachanika.

Yeye na Daktari Buhendwa wa Bukavu wakaanza utafiti, wakapunguza kipimo, wakaongeza Valium ya kutuliza, nafuu ikawa ndogo, mpaka alipoona kwamba mgonjwa aliyeamshwa kwa Kiswahili cha sokoni, badala ya Kinyarwanda, lugha aliyowindwa nayo, aliamka ametulia. Tulimtania kwamba amegeuka mwalimu wa lugha, akacheka nasi, maana wakati huo alikuwa na matumaini.

Vikaja vita vya Kongo, mwaka 1996 na tena Agosti 1998, walioungua ng'ambo wakavushwa kwenye daraja la mto Rusizi mpakani, akawaamsha kwa Kiswahili kama alivyozoea, nao wakapiga mayowe, kwa kuwa waliowachomea nyumba waliwatukana kwa Kiswahili hichohicho. Siku moja alimwambia mumewe: "Papa Dative, bale bantu ba kule banasikia Kiswahili, banalia. Sasa nitabaamsha na luga gani?" Daktari Buhendwa alitoweka vitani mwaka huohuo wa 1998, na mbio za sakafuni zikaishia ukingoni.

Tangu mwaka 2000 aliugua tumbo, utumbo wake ulishikana kwa sababu ya upasuaji wa zamani wa uzazi, na tarehe 13 Machi 2001 akapasuliwa, akiwa amelazwa kwa dawa ileile, kisha mumewe akaketi kando ya kitanda, akamwita kwa Kinyarwanda, akamwita kwa Kiswahili, akamwita kwa Mashi, lugha ya Bukavu waliyotaniana nayo ujanani, wala hakuitika, na saa tisa alasiri akafariki.

Tunawashukuru madaktari waliofanya walichoweza, majirani waliombeba kwa ingobyi, machela yetu ya nyumbani, mvua ikinyesha, na wauguzi wenzake waliomvika. Ila tafadhali, msije kutuambia kwamba kazi yake itaendelea, tunajua haitaendelea, wodini bado wanaamka wakilia, na inatuuma sana.

Dada, wewe hakuna atakayekuamsha tena. Pumzika kwa amani.