Shimo Kwenye Shavu la Mama Vifungo

Tumeonywa tangu zamani kwamba heri ni ya mtu asiyeketi barazani pa wenye mizaha. Na benchi letu, mbele ya duka la kutengeneza redio, limejaa mizaha toka mguuni hadi mgongoni. Nami naketi hapo kila asubuhi, na sijitetei. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya makasha mawili ya betri. Pembeni yupo Mama Birika na jiko lake la mkaa, anayemimina kahawa katika vikombe visivyo na mkono na kumkemea kila anayerudisha kikombe bila kushukuru. Mwenye duka tunamwita Cheche, kwa kuwa mikononi mwake kila kitu hutoa cheche kabla hakijapona. Kushoto kwake hukaa Randa, seremala, mtu wa maneno machache na kiburi kingi. Kulia hukaa Wembe, kinyozi, ambaye methali zote za wahenga anazo, ila hajui hata moja inakaa wapi. Asubuhi hiyo, chini ya benchi, palikuwa na kitu kilichofungwa ndani ya gunia, na kila mmoja wetu alikunja miguu asikiguse.

Wembe: Cheche, mficha uchi hazai. Toa ubao tuuone.

Cheche: Hautoki mpaka mwenyewe aje.

Randa: Ubao nimekupa mimi. Mkangazi safi, nimeupiga randa mpaka ukateleza kama shavu la mtoto. Nina haki ya kujua umeuunguza vipi.

Cheche: Sijauunguza, ndugu yangu. Nimeuchora.

Randa: Kwa moto.

Cheche: Kwa mwanga.

Randa: Mwanga gani unatoa moshi?

Wembe: Wahenga walisema, penye moshi pana moto.

Cheche: Kwangu penye moshi pana feni.

Asiyejua na ajue sasa. Cheche alikuwa amejenga mashine ya leza chumbani kwake, kati ya kitanda na kabati. Reli zake alizing'oa katika printa mbovu zilizotupwa na ofisi fulani. Mota zake zilitoka humo humo. Kichwa chake ni taa ndogo kuliko kidole gumba, inayotoa mwali wa buluu mwembamba kama unywele. Kompyuta huuongoza mwali huo kwenda na kurudi juu ya ubao, mstari baada ya mstari, nao huchoma pale ulipoamriwa na kuruka pale ulipokatazwa. Ikiwa inafanya kazi, hakuna ruhusa ya kuingia bila miwani myekundu, hata kama umesahau kilemba chako kitandani.

Mama Birika: Mkewe amenilalamikia. Anasema kila kitu nyumbani kimeandikwa. Mwiko umeandikwa, mpini wa jembe umeandikwa. Ubao wa kukatia vitunguu ameuandika "Ubao wa Kukatia Vitunguu".

Cheche: Nilikuwa najaribu, mama. Fundi lazima ajaribu.

Mama Birika: Na mlango wa choo?

Cheche: Pale nilikuwa nimeshaiva.

Wembe: Mimi nimekaa nikafikiri. Mwanga wa kawaida ni mpole kwa sababu una nafasi. Huu umebanwa mlango mwembamba, ukakasirika. Mtu yeyote ukimbana atakata.

Randa: Si mwanga ule. Ni mchwa. Mchwa wa moto, wadogo mno, wanakula mbao kwa foleni.

Wembe: Mchwa wanaosoma picha?

Randa: Wangapi wamesoma na hawajawahi kujenga hata kichuguu?

Mama Birika: Mwanangu, hilo ni jua la jana. Jua haliendi bure likizama. Linabaki kwenye vyuma. Cheche amelikamua.

Wembe: Basi kama ni hivyo, siku moja ataigeuza mashine itazame juu, achore sura za marehemu wetu wote kwenye mwezi. Kila mtu akitoka uani anamwona wake.

Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka, wote pamoja, kwa kuwa Wembe alikuwa ametamka lile ambalo tulikuwa tukilizunguka tangu kikombe cha kwanza.

Ubao ule ulikuwa wa Mzee Uzi. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa huu hadi macho yalipomzimikia, kwanza jicho la kushoto, kisha la kulia. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Vifungo kwa kuwa ndiye aliyeshona vifungo vya kila shati alilolimaliza mumewe, akawa macho yake. Kisha naye akatwaliwa, na mzee akabaki katika giza mbili. Siku moja alikaa hapa benchini, akashika kikombe mpaka kahawa ikapoa, akasema: "Sauti yake ninayo. Uso ndio unaondoka. Nikimwita, anakuja amenipa mgongo." Cheche aliinuka, akaomba ile picha moja ya marehemu iliyobaki, akaahidi kuichonga kwa kina, ili mzee aione kwa vidole.

Ahadi ni deni lisilo na msamaha. Kwa hiyo sote tuliogopa gunia lile.

Fimbo yake tuliisikia kabla yake, ikigonga ukingo wa mtaro.

Sote: Shikamoo, Mzee.

Mzee Uzi: Marahaba, wanangu. Mbona mmenyamaza? Benchi likinyamaza ujue limevunja kitu.

Mama Birika: Kaa hapa, kaka yangu. Kahawa hii hapa.

Mzee Uzi: Kahawa baadaye. Cheche, amekuja?

Hakuuliza kama ubao umekwisha. Aliuliza kama amekuja. Cheche alifungua gunia, akamlazia ubao magotini. Na tuseme kweli: kwa macho yetu, ulikuwa kazi ya ajabu. Mama Vifungo alitutazama kutoka ndani ya mkangazi, kitambaa kichwani, tabasamu la upande mmoja, na kile kidutu cheusi kwenye shavu lake la kulia. Randa alifungua mdomo, akaufunga. Kwake hiyo ndiyo sifa kuu.

Mzee alitandaza vidole. Vilipita ukingoni, vikapanda kwenye kitambaa, vikashuka kwenye paji. Vikaenda polepole, kama vinavyokwenda kwenye nguo vikitafuta mshono uliofumuka. Vikafika machoni, vikazama. Vikatafuta pua, vikapita, vikarudi, vikatafuta tena. Mwisho vilifika shavuni, vikasimama.

Mzee Uzi: Huyu ni nani?

Cheche: Mzee?

Mzee Uzi: Mke wangu alikuwa na kidutu hapa. Kilisimama kama punje ya mtama. Nilikuwa nikikigusa kila tukiagana asubuhi, kama mtu anavyobonyeza kengele. Hapa mmenichimbia shimo.

Nimesoma habari za baba mmoja wa kale aliyepofuka, akampapasa mwanawe na kudanganyika kwa ngozi ya mwana-mbuzi. Huyu wetu hakudanganyika. Vidole vya fundi cherehani havidanganyiki. Na hakukuwa na mjanja hapo aliyetaka kumdanganya. Palikuwa na upendo tu, na upendo ulikuwa umekosea.

Cheche: Mungu wangu. Nimeelewa.

Randa: Umeelewa nini?

Cheche: Mashine haijui sura. Inajua weusi. Penye weusi kwenye picha inachimba, penye weupe inaacha. Kidutu kilikuwa cheusi, ikakichimba. Macho meusi, ikayachimba. Pua ilikuwa inang'aa, ikaiacha sawasawa na paji. Haina pua, ina matundu mawili tu. Nimechonga kwa ajili ya macho. Nimempa asiyeona picha ya kutazama!

Wembe: Basi geuza. Uiambie cheusi kiinuke, cheupe kizame.

Cheche: Kidutu kitasimama, ndiyo. Lakini meno yatakuwa mashimo, na macho yatamtoka kama chura.

Wembe: Sasa tufanyeje?

Cheche: Ninahitaji vimo. Pua ilipanda kiasi gani, shavu lilijaa wapi, kidevu kilikwenda mbele au nyuma. Picha haina vimo. Picha ni karatasi bapa.

Mzee alikuwa ameanza kuurudisha ubao kwenye gunia, kwa adabu, kama mtu arudishaye chakula asichoweza kukila ili asimhuzunishe mpishi.

Mzee Uzi: Usijali, mwanangu. Umejitahidi. Na mimi nilitaka mengi.

Hapo ndipo tulipomwona mgeni. Mwanamke aliyekuwa amesimama muda wote mlangoni pa duka, redio kwapani, akingoja fundi. Hakuna aliyemjua, alikuwa amehamia mtaani karibuni.

Mgeni: Samahani, wakubwa zangu. Huyo mama mlikuwa mnamwona?

Wembe: Kumwona! Alipita hapa kila siku ya Mungu, anapeleka mashati ya watu.

Mgeni: Basi mwambieni fundi. Alikuwa na uso wa namna gani?

Swali dogo namna hiyo. Mtoto angeliuliza.

Wembe: Kapu lake lilikuwa la kijani.

Mama Birika: Kandambili zake zilikuwa na mlio. Ya kushoto ilipiga kwa nguvu kuliko ya kulia.

Randa: Alikuwa anatuamkia, "Mmeamkaje, wavivu wa Mungu?"

Mgeni: Na uso?

Wembe alivuta pumzi, nasi tukangoja methali. Haikuja. Tuliinamisha vichwa, mimi pamoja nao. Tulikuwa tumepewa macho mazima na asubuhi nyingi, na uso wa jirani ukipita mbele yetu kama mkate wa kila siku, nasi tukaona kapu. Ole wetu! Tunalia kaburini kwa ajili ya nyuso ambazo hatukuzitazama barazani.

Ndipo mikono ya mzee ikainuka.

Sidhani kama aliiamuru. Iliinuka yenyewe kutoka kwenye gunia, ikasimama hewani mbele yake, chini kidogo ya kidevu chake, kwenye kimo cha mwanamke mfupi. Viganja vilijikunja. Kidole gumba cha kushoto kilikwenda mahali pamoja hewani na kubonyeza, taratibu.

Mzee Uzi: Hapa.

Mama Birika: Wapi, kaka yangu?

Mzee Uzi: Hapa ndipo kilipokuwa. Na pua ilianzia hapa, ikalala, kisha ikainuka ghafla mwishoni, kama iliyokumbuka jambo.

Randa alisimama. Tulidhani ameudhika. Alivuka barabara kwenda karakanani kwake, akarudi na kopo na chupa ya gundi. Alimimina kutoka kwenye kopo unga mwekundu wa mbao juu ya kipande cha bati, akatia gundi, akaukanda kwa kidole mpaka ukawa donge laini, ule uji mzito ambao maseremala huzibia matundu ya misumari.

Randa: Mzee. Huu ni unga wa ubao uleule. Nilipoupasua nilikusanya, maana mkangazi mzuri hautupwi. Ukikauka, utashika kama mti wenyewe. Nipe kidole chako.

Cheche: Na mimi nikiondoa ile taa kwenye kichwa cha mashine, nikaweka sindano butu pale pale, inaweza kupita juu ya uso atakaoufinyanga, nukta kwa nukta, ipime vimo. Kisha nitachonga tena. Safari hii nitakuwa na cha kufuata.

Wembe: Yaani yeye ndiye atakayeifundisha mashine?

Cheche: Mwingine nani?

Mzee alichukua punje ya donge, akaiviringisha kati ya vidole kama mtu anayefunga fundo mwisho wa uzi. Alilitafuta lile shimo shavuni. Akalijaza. Kisha akaongeza juu yake, kidogo tu, akakaa ameliwekea kidole. Uso wake mwenyewe ulibadilika. Sitauelezea, safari hii niliutazama, na ninao.

Nikakumbuka, pale benchini pa wenye mizaha, kwamba Fundi wa kwanza aliiita nuru kwa neno tu, naye alikuwa mbali. Lakini alipotaka kufanya uso wa mtu hakutumia nuru. Aliinama, akachukua mavumbi, akatia mkono.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe. Kikatoka kitone kimoja na machicha. Siku nyingine kahawa ikiisha benchi hutawanyika kabla jiko halijapoa. Siku hiyo hakuna aliyenyanyuka. Mgeni aliweka redio yake chini, akasogea, tukajibana kumpa nafasi, na Wembe, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, akashika bati la unga kwa mikono yote miwili ili upepo usilipeperushe.

Pua ilipanda, ikalala, ikainuka ghafla mwishoni. Shavu likajaa. Mzee alipitisha kidole gumba kwenye pembe ya mdomo, akatikisa kichwa.

Mzee Uzi: Ongeza vumbi, Randa. Bado hajacheka.