Buguruni Inasubiri Albano Ajambe

Kahawa ya Hilal hunywewa barazani, mbele ya duka lake, hatua chache kutoka soko la Buguruni, na wanaoinywa ni walewale kila siku. Jioni ile alikosekana Albano, mchonga vinyago. Alikuwa hospitali, amekatwa kipande cha utumbo chenye kansa, na ncha zilizobaki zimeshonwa pamoja. Upasuaji ulikwenda salama, ila lilibaki jambo moja ambalo wanaume wazima walilizungumza bila haya tangu asubuhi: mgonjwa hajajamba. Muuguzi alimweleza Fakihi, mchongaji mwenzake, kwamba upepo ukitoka ndiyo dalili utumbo umeamka; usipotoka mpaka leo jioni, daktari atafungua tumbo tena. Leo aliyekwenda kumtazama mgonjwa ni Filomena, mke wa Albano, naye alikuwa hajarudi.

Wa kwanza kutoa nadharia alikuwa Benedikto, mjumbe wa nyumba kumi, ambaye hata bei ya dagaa huieleza kama yuko jukwaani.

Mjumbe: Utumbo haujagoma. Umehamishwa. Watu wakipelekwa kijiji kipya, siku za mwanzo wanafanyaga kazi? Wanashangaashangaa kwanza, wanaulizana kisima kiko wapi.

Hilal: Wewe ungenyamaza tu. Nani alimpelekea mihogo ya nazi, kesho yake akatwe?

Mjumbe: Ningekwenda mikono mitupu? Mtu anakwenda kupasuliwa tumbo, mie nimpe pole kavu?

Hilal: Aliambiwa asile kitu, Mjumbe. Daktari kaja asubuhi na visu vyake, kakuta mtu kashiba mihogo. Kazi ikaahirishwa.

Mjumbe: Alikula kwa mkono wake. Mie sikumfumbua mdomo.

Fakihi alicheka bila kutaka. Alikumbuka Albano alivyomnong'oneza siku ile: nikifa wasiseme ni kansa, waseme ni mihogo ya Mjumbe.

Fakihi: Nyie wote mmepotea. Tatizo ni damu. Albano kaongezewa damu yangu na ya Hilal. Yangu naijua, haina neno na mtu. Ya huyu Kufuli ndiyo inayoleta matata.

Kufuli ndilo jina alilopewa Hilal na wateja wake, kwa kuwa dukani kwake hata chumvi ya kuonja hutoki nayo.

Hilal: Damu yangu ina nini?

Fakihi: Inabana. Kitu kikishaingia kwako kimewahi kutoka? Sasa imefika tumboni mwa Albano, imekuta upepo, imeufungia stoo.

Mjumbe: Huko ni kuhodhi bidhaa. Mie ningekuandikia mashtaka.

Hilal: Andika. Ila mjue, zile damu zote mbili ni za Waislamu. Akitoka kule, mnazi hataugusa tena. Jumapili padri atamtafuta kanisani, kumbe yuko msikitini anatawadha.

Fakihi: Albano aache mnazi? Hapo damu ndiyo itakayobadili dini.

Walicheka mpaka Mjumbe akamwaga kahawa. Kisha kicheko kikawaishia wote kwa pamoja, maana jua lilikuwa linazama na Filomena hajarudi. Fakihi aliogopa, tena sana. Yeye na Albano walitoka Newala juu ya lori moja, na tangu siku hiyo hawakuwahi kuchonga mbali mbali. Mtu amekonda vile, akifunguliwa tena atabaki na nini?

Filomena akatokea upande wa sokoni, khanga begani, kapu mkononi. Wote wakasimama.

Fakihi: Shemeji, vipi huko?

Filomena: Jamani, nitawaambiaje nyie, nanyi ni shemeji zangu?

Mjumbe: Sema, mama. Sie ni hilohilo tu tangu asubuhi.

Filomena akajiziba mdomo kwa ncha ya khanga.

Filomena: Amejamba. Daktari kasimama palepale kando ya kitanda. Wodi nzima imesikia, na muuguzi kapiga makofi. Wamemtoa ule mpira wa puani, wamempa vijiko vya maji, kesho ataanza uji. Tumbo halifunguliwi tena.

Hilal alikuwa ameinamisha birika, kahawa ikimiminika kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, naye haoni. Mjumbe alivua kofia, akaanza, "Ndugu wananchi," na hapo hapo sauti ikakatika. Fakihi aliketi, akafunika uso kwa viganja vyake vyenye vumbi la mpingo, mabega yakaanza kutikisika.

Filomena akawatazama mmoja mmoja, kapu bado mkononi.

Filomena: Si mlitaka ajambe? Amejamba. Sasa mnalia nini?